Utafiti wa Nakivale Usiishie Kabatini

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katika wilaya ya Isingiro kusini-magharibi mwa Uganda, ni miongoni mwa makazi makongwe kabisa ya namna yake barani Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na wakazi wake wa mwanzo walikuwa Wanyarwanda waliozikimbia ghasia za nchini mwao. Baada yao wamefika Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na Wasudani, hata leo watu wanaoishi katika sehemu zake tatu, yaani Base Camp, Juru na Rubondo, wamepindukia laki moja.

Pamoja na misafara ya wakimbizi, Nakivale imepokea misafara ya watafiti. Wametoka Mbarara, ambako hakufiki mbali, wametoka Kampala, na wametoka ng'ambo. Mama aliyefika na watoto watatu huulizwa anakula mara ngapi kwa siku, anachota maji wapi, amepata kuugua nini na alitibiwa na nani. Yeye hujibu. Mtafiti huandika, hushukuru, kisha huenda zake. Tasnifu hupigwa chapa, hufungwa kwa jalada gumu, hupata alama nzuri, na baadaye hukaa kabatini mwa maktaba. Mama yule haioni kamwe. Linalosikitisha zaidi ni kwamba hata ofisa wa wilaya, ambaye angeweza kubadili jambo kwa sahihi yake moja, naye haioni.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kumfundisha mwanafunzi namna ya kuugeuza utafiti wake uwe muhtasari wa sera si pambo la kuongezwa mwishoni mwa masomo. Ni sehemu ya kulipa deni. Lakini ni kazi yenye hatari zake pia, na mwalimu asiyezieleza hatari hizo huenda akawafunza vijana ufundi utakaowadhuru wale wale waliokusudiwa kusaidiwa.

DENI LA ALIYEULIZWA

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilianzishwa mwaka 1989, na tangu mwanzo kilikusudia kuwaelekeza wasomi wake kwa wananchi wa vijijini. Wanafunzi wake wa udaktari, kama wenzao wa vyuo vingine vya Uganda, hupelekwa kukaa na kufanya kazi katika vituo vya afya vya vijijini kwa muda, na jambo hilo huhesabiwa kuwa sehemu ya masomo yao. Basi mwanafunzi wa Mbarara hana haja ya kuambiwa kwamba kuna watu nje ya lango la chuo. Ameishi nao, na amewaona wakingoja foleni tangu alfajiri.

Ni kweli pia kwamba mtu hawezi kuingia Nakivale na karatasi zake za maswali kama aingiavyo sokoni. Sharti apate idhini ya kamati ya maadili ya utafiti, na kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda, na ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo ndiyo inayosimamia mambo ya wakimbizi. Taratibu hizi ni njema. Lakini ukizitazama vizuri utaona kwamba humlinda mkimbizi zaidi wakati wa kuulizwa. Yatakayofuata baada ya majibu yake huachiwa zaidi dhamiri ya mtafiti.

Na dhamiri peke yake haitoshi ikiwa mwenyewe hajui la kufanya. Vijana wengi wana nia njema kabisa, ila wamefunzwa aina moja tu ya maandishi, yaani yale yanayosomwa na msimamizi na mtahini. Hawajapata kufunzwa kumwandikia mtu mwenye madaraka, mwenye dakika kumi, na mwenye majalada arobaini mezani.

NI KITU GANI

Muhtasari wa sera ni andiko la kurasa mbili hadi nne hivi, linalopelekwa kwa mtu au chombo chenye uwezo wa kuamua, nalo hueleza mambo manne: tatizo ni lipi, ushahidi ni upi, njia za kulitatua ni zipi, na kila njia ina gharama na madhara gani. Wafanyakazi wa serikali wanaoandikiana madokezo ndani ya majalada wataona kwamba jambo hili si geni kwao.

Ni kosa kudhani kwamba muhtasari huo ni tasnifu iliyokatwa ikawa fupi. Mpangilio wake ni wa kinyume. Tasnifu huanza na waliyoyasema wengine, hueleza mbinu, huonyesha takwimu, na mwishoni kabisa hutamka ilichokigundua. Muhtasari huanza na kile kilichogunduliwa na linalotakiwa kuamuliwa, kisha hurudi nyuma kueleza sababu. Kuna kanuni iliyotoka Canada ambayo hufundishwa mahali pengi: ukurasa mmoja wa mambo makuu, kurasa tatu za maelezo mafupi, na kurasa 25 za taarifa kamili. Mwenye dakika mbili asome ukurasa mmoja, na mwenye shaka afunue zile 25.

Uganda ina uzoefu wake katika kazi hii. Kituo cha Utafiti wa Sera za Uchumi kilichopo Makerere kimekuwako tangu mwaka 1993, na mihtasari ya namna hii ni miongoni mwa machapisho yake. Mwaka 2010 wataalamu wa afya wa Makerere, katika mradi uliozishirikisha nchi kadhaa za Afrika, walitoa muhtasari kuhusu kugawana upya kazi baina ya madaktari, wauguzi na wahudumu wengine ili huduma za mama na mtoto zipate nafuu. Walieleza tatizo, wakaziweka njia mbalimbali mbele ya wasomaji pamoja na faida na hasara zake, lakini hawakumwambia Waziri achague ipi. Uchaguzi ulibaki kwa wenye dhamana, baada ya kujadiliana.

Hapa pana hoja ambayo wanafunzi wangefaa kuijadili darasani. Je, mtafiti apendekeze, ama aweke njia mezani kisha akae kimya? Anayependekeza huonekana mara nyingine kuwa mpiga debe. Anayekaa kimya huenda akapuuzwa. Yategemea ushahidi alio nao. Ushahidi ukiwa na nguvu, na njia moja ikiwa bora waziwazi, kunyamaza ni woga. Ushahidi ukiwa dhaifu, kupendekeza kwa sauti kubwa ni udanganyifu.

MAARIFA HAYATEMBEI YENYEWE

Wako wasomi wanaoamini kwamba jambo likiisha kuthibitishwa, serikali italifuata tu. Mfano wa wilaya ya Rakai, mashariki mwa Isingiro, unaonyesha kwamba safari ni ndefu zaidi. Huko ulifanywa utafiti mkubwa wa wanaume wapatao 5,000, na matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2007 pamoja na yale ya Kisumu nchini Kenya, yalionyesha kwamba tohara ya wanaume hupunguza kwa kiasi kikubwa uwezekano wa mwanamume kuambukizwa virusi vya UKIMWI kwa njia ya mwanamke. Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri wake mwaka huo huo. Kenya ilianza mpango wake wa taifa mwaka 2008. Uganda, ambayo utafiti mmojawapo ulifanywa katika ardhi yake, ilitoa sera yake mwaka 2010. Ushahidi ulikuwa mmoja, lakini mwendo ulikuwa mbalimbali, kwa kuwa kati ya ushahidi na uamuzi kuna fedha, kuna mila, kuna mabishano ya wakubwa, na kuna kazi ya kueleza.

Mfano wa pili unaigusa Nakivale yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Barbara Harrell-Bond, mwanzilishi wa masomo ya wakimbizi katika Chuo Kikuu cha Oxford, pamoja na mwanasheria Guglielmo Verdirame, waliongoza utafiti kuhusu haki za wakimbizi katika Afrika Mashariki. Utafiti huo haukuishia kitabuni. Kutokana nao lilizaliwa, mwaka 1999, shirika la Refugee Law Project katika Kitivo cha Sheria cha Makerere, ambalo kazi yake ilikuwa kuwatetea wakimbizi kisheria na kuendelea kuchunguza hali zao. Mwaka 2003 shirika hilo lilitoa andiko mahsusi kuhusu ugomvi wa ardhi katika Nakivale baina ya wakimbizi na wenyeji. Mwaka 2006 Bunge la Uganda lilipitisha Sheria ya Wakimbizi, iliyochukua mahali pa sheria ya mwaka 1960 na kuwapa wakimbizi haki ya kwenda watakako na kufanya kazi.

Hatusemi kwamba maandiko ya wasomi peke yake ndiyo yaliyoleta sheria hiyo. Na ugomvi wa ardhi haukuisha kwa kuandikiwa. Tunalosema ni kwamba watu waliochunguza waliendelea kubaki karibu na jambo walilolichunguza, wakalisema tena na tena, mahali panapostahili.

"WADAU WOTE" NI NANI?

Tuchukue mfano wa kuwazia tu. Mwanafunzi wa uuguzi kutoka Mbarara anakwenda Rubondo kuchunguza kwa nini akina mama waja wazito huchelewa kufika kituo cha afya. Anazungumza na akina mama ishirini. Anagundua kwamba wengi wao husema Kiswahili au lugha za Kivu, hali wauguzi husema Kinyankole na Kiingereza. Mama huona haya kueleza hali yake ya ndani kupitia kwa mtoto wa jirani aliyeombwa kutafsiri. Basi hungoja mpaka uchungu umshike.

Mwishoni mwa tasnifu mwanafunzi anaandika kwamba lugha ni kikwazo kikubwa, na kwamba wadau wote wachukue hatua zinazofaa. Msimamizi anatia sahihi. Lakini mwalimu wa muhtasari wa sera hana budi kuisimamisha kalamu hapo hapo na kuuliza: wadau wote ni nani? Huduma za afya katika makazi huwahusu Wizara ya Afya, wilaya ya Isingiro, Ofisi ya Waziri Mkuu, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na mashirika yanayoshirikiana nalo. Barua iliyoandikwa kwa wote hawa kwa pamoja haina mwenyewe, na kila mmoja atadhani mwenzake ataijibu.

Kwa hiyo mwanafunzi atafute kwanza uamuzi wenyewe uko mikononi mwa nani. Tuseme ni mganga mkuu wa wilaya. Ampelekee njia tatu: kuajiri wakalimani miongoni mwa wakimbizi wenyewe, kuzipa mafunzo timu za afya za vijiji ziwasindikize akina mama, au kuwapangia Rubondo wauguzi wanaojua Kiswahili. Kila njia aipigie hesabu ya shilingi, hata kama ni ya kukadiria, na aseme wazi kwamba amekadiria. Mwisho aseme lile ambalo vijana huogopa kulisema: akina mama ishirini wa sehemu moja hawawezi kuisemea Nakivale nzima. Kukiri hivyo hakuupunguzii muhtasari heshima. Mtoa maamuzi mwenye akili humwamini zaidi mtu anayejua mwisho wa maarifa yake.

Wakati nao ni jambo la kufundishwa. Mwaka wa fedha wa Uganda huanza Julai 1. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015, mfumo wa bajeti hufikishwa Bungeni kabla ya Desemba 31, makadirio yenyewe kabla ya Aprili 1, na Bunge huyapitisha kabla ya Mei 31. Wilaya huanza kupanga mapema zaidi ya hapo. Muhtasari unaoomba mishahara ya wakalimani, ukifika Isingiro mwezi wa Juni, umefika baada ya mnada kwisha, hata ukiwa umeandikwa kwa ufasaha wa namna gani. Ungefika Septemba, ungekuta kalamu bado zina wino.

NENO LAWEZA KUPUNGUZA UNGA

Tuje sasa katika hatari tulizozitaja. Mwaka 2014 wataalamu wa Oxford walitoa taarifa mashuhuri kuhusu uchumi wa wakimbizi wa Uganda, iliyotokana na uchunguzi wa Kampala, Nakivale na Kyangwali. Jambo la kusifiwa ni kwamba wakimbizi wenyewe walifunzwa kuwa wadadisi. Taarifa ilionyesha kwamba katika Kampala asilimia 21 ya wakimbizi walikuwa na biashara zilizoajiri watu wengine, na kwamba kati ya walioajiriwa asilimia 40 walikuwa wananchi wa Uganda. Takwimu hizo ziliwanyamazisha wengi waliodhani kwamba mkimbizi ni mzigo tu.

Lakini angalia: takwimu hizo ni za Kampala. Asomaye kwa haraka aweza kuzichukua akazibandika Nakivale, ambako mtu hutegemea kipande cha ardhi na mvua. Akisha kufanya hivyo, neno "wanajitegemea" litaanza kutembea peke yake, bila ya mahali lilikotoka. Mwaka 2023 Mpango wa Chakula Duniani, kwa upungufu wa fedha, ulianza kuzigawa kaya za wakimbizi wa Uganda katika mafungu matatu kwa kadiri ya unyonge wao, na zile zilizohesabiwa kuwa na uwezo ziliondolewa katika mgao. Hatudai kwamba mgawanyo huo ulitokana na taarifa ya wasomi. Tunataka mwanafunzi aelewe kwamba anaandika katika wakati ambapo sentensi moja iliyopotoka yaweza kupunguza unga katika chungu cha mtu.

Hesabu ya watu nayo ina mafunzo yake. Mwanzoni mwa mwaka 2018, zilipotokea tuhuma kwamba idadi ya wakimbizi nchini Uganda imeongezwa kwa hila, serikali pamoja na Umoja wa Mataifa waliwahakiki upya wakimbizi wote. Idadi iliyokuwa ikitajwa ya watu milioni 1.4 hivi ikashuka hadi milioni 1.1 hivi. Kila andiko lililokuwa limenukuu hesabu ya kwanza bila kuuliza ilikotoka liliyumba siku hiyo. Basi mwanafunzi afunzwe kuuliza kila tarakimu: nani alikuhesabu, lini, na kwa nini?

Hatari ya mwisho ilielezwa na Profesa Mahmood Mamdani mwaka 2011, alipokuwa mkurugenzi wa taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere. Aliwaonya wasomi kwamba utamaduni wa kutoa ushauri kwa malipo unaviteka vyuo vikuu vya Afrika, kwa kuwa mshauri hutafuta majibu ya maswali yaliyoundwa na wengine, hali kazi ya mtafiti ni kuyaunda maswali yenyewe. Onyo hilo lingali na uzito. Darasa la muhtasari wa sera likiendeshwa vibaya laweza kuwa kiwanda cha washauri wadogo, wanaoandika yale ambayo mfadhili anapenda kuyasoma. Dawa yake ni kwamba utafiti utangulie na muhtasari ufuate. Mwanafunzi asiyejua jambo kwa undani hana cha kufupisha.

TURUDISHE MAJIBU KWA WENYEWE

Limebaki jambo la lugha. Mihtasari ya sera huandikwa kwa Kiingereza kwa sababu ofisi hutumia Kiingereza. Lakini sokoni Nakivale, Mkongo, Mrundi na Msomali wakikutana, mara nyingi Kiswahili ndicho kinachowapatanisha. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kifundishwe katika shule zote. Basi si jambo la ajabu kutaka kila muhtasari unaohusu Nakivale uwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili, usomwe kwa sauti mbele ya mabaraza ya ustawi wa wakimbizi, na ukurasa mwingine wa Kinyankole kwa ajili ya wenyeji. Utaratibu wa Uganda unataka sehemu ya misaada ya wakimbizi, asilimia 30 kwa kawaida, iwafikie wenyeji pia. Haifai wao wasahauliwe katika maarifa.

Kusoma huko mbele ya watu si adabu tu. Ni mtihani. Mama wa Rubondo akisikia majibu yake yamegeuzwa, atasema. Mzee wa Juru akisikia kwamba njia iliyopendekezwa ilijaribiwa zamani ikashindwa, atasema pia. Mwanafunzi atarudi Mbarara kusahihisha kabla ya andiko kumfikia mganga mkuu wa wilaya, na atakuwa amepata msimamizi wa pili asiyekuwa na shahada lakini mwenye ujuzi wa jambo lenyewe.

Yanayohitajika si makubwa. Kwanza, muhtasari wa sera uwe sehemu ya mtihani wa mwisho na upewe alama, kwa maana mwanafunzi huyatilia maanani yale yanayopimwa. Pili, maofisa wa Isingiro na wa Ofisi ya Waziri Mkuu waalikwe darasani wawaeleze vijana namna wanavyoamua, mwezi gani, na kwa fedha ipi. Tatu, anayetaka cheti chake athibitishe kwamba alirudi Nakivale kutoa majibu. Nauli ya kurudi Nakivale na iwekwe katika makadirio ya utafiti tangu siku ya kwanza, pamoja na ile ya kwenda.